Siku Nyani Alipotaja Wivu Wake Wote

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaondoka?

Kiangazi!

Nani kafika?

Mvua!

Na nani hakulala kwa wivu?

Hatumjui!

Hamumjui? Basi sogeeni niwasimulie.

Hapo kale, wanyama wa Jabali Jekundu walikuwa na namna yao ya kuupokea mwaka. Kalenda hawakuwa nayo. Waliutazama mgunga tu. Mgunga ukichipua majani mabichi kabla hata ya mvua, walijua msimu umegeuka.

Hapo walizima mioto yote ya zamani. Walijenga kibanda cha manyasi makavu katikati ya uwanja. Mmoja wao aliingia ndani, kibanda kikawashwa moto, naye akatoboa ukuta wa nyuma na kutoka mbio, fyuuu, mpaka vichakani. Huyo ndiye Mwenye Mwaka. Tone la kwanza la mvua likianguka, akina mama waliimba jina lake, wakaendelea kuliimba mpaka mgunga uchipue tena. Isitoshe, Mwenye Mwaka ndiye aliyechagua kwanza mahali pa kukaa msimu mzima. Wengine walichagua katika yaliyobaki.

Kila mwaka Mwenye Mwaka alikuwa Pimbi. Pimbi ni mdogo, na mdogo hupenya. Na kila mwaka alichagua pango lilelile juu ya jabali, pango kavu lenye jua la asubuhi, akakaa humo na mkewe na watoto wake.

Jirani yake wa chini alikuwa Nyani. Nyani alikuwa na mabega mapana, meno marefu, na mkuyu mzima peke yake. Alikula matunda ya mkuyu wake, akala na ya wenzake, na bado macho yake yalikuwa juu kwenye pango. Lakini si pango lililomnyima usingizi. Ni ule wimbo.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akimenya mizizi huku akiimba taratibu, "Pimbi ee, Pimbi, mwaka umepita kwako..."

"Unaimba nini?" Nyani akauliza.

"Kwani naimba?"

"Umemtaja Pimbi."

"Ni wimbo tu, baba watoto. Unakuja wenyewe mdomoni."

"Na jina langu, mbona haliji mdomoni?"

Mkewe akaacha kumenya, akafikiri kwa moyo safi kabisa. "Jina lako halina wimbo," akasema.

Neno hilo likamkwama Nyani kooni. Alikula, halikushuka. Alikunywa maji, halikushuka. Mgunga ulipochipua, akapanda jabali mpaka mlangoni kwa Pimbi.

"Hodi, mtani!"

"Karibu, mtani. Umetuzibia jua, lakini karibu."

"Mwaka huu kibandani naingia mimi. Na nikitoka, nachagua hapa." Nyani akagonga ukuta wa pango, kong'! "Ukibisha, naona watoto wako wamenona."

Mke wa Pimbi akawavuta watoto nyuma yake. Pimbi akayatazama meno ya Nyani. Kisha akatazama mbali, upande wa bonde, ambako mawingu meusi yalikuwa yakisukumana. Akatabasamu.

"Mtani, kwa nini unatisha watoto bure? Chukua. Mimi nimechoka kuunguza masharubu. Ila mila unaijua?"

"Naijua. Kuingia na kutoka."

"Na kabla ya kuingia?"

Nyani akajikuna kichwa.

Siku ya kibanda, wasikilizaji wangu, ilikuwa pia siku ya kutoa vinyongo. Mwenye neno moyoni alimwendea mwenzake akalisema mbele ya watu wote. Aliyeambiwa akachukua gogo la mgomba, akampiga msemaji pigo moja, pwa! Wakakumbatiana, neno likaisha. Lakini mvua ikianza, hakuna kusema tena. Lililobaki moyoni hukaa humo mpaka mwaka mwingine.

"Anayeingia kibandani lazima ajisafishe kwanza," Pimbi akasema. Akamsogelea, akashusha sauti. "Nakwambia hili kwa sababu wewe ni mtani wangu. Usifiche hata kimoja. Wivu hushika moto upesi kuliko manyasi. Ukiingia nao, utaanza kuwaka wewe, kibanda kitafuata."

"Nitasema vyote," Nyani akajibu. "Kwanza sina vingi."

Siku ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani na magogo yao ya mgomba. Bi Nungunungu, mlezi wa mila, akasimama mbele na kijinga cha moto mkononi, miiba yake ikilia cheke, cheke.

"Anayeingia ni nani?"

"Mimi!" akasema Nyani.

"Jisafishe, mwanangu. Na usichelewe, mawingu hayo."

Nyani akaenda kwa Swala. "Swala, nakuonea wivu miguu yako. Ukikimbia wewe, watu husema, tazama! Nikikimbia mimi, watu husema, mwizi!"

Swala akainua mgomba. Pwa! Wakakumbatiana.

Nyani akaenda kwa Kanga. "Kanga, nakuonea wivu madoa yako. Hata ukienda kuchimba minyoo umevaa nguo ya harusi."

Kanga akainua mgomba. Pwa! Wakakumbatiana.

Nyani akaenda kwa Twiga. "Twiga, nakuonea wivu shingo yako. Unakula bila kupanda."

Twiga akainua mgomba, ukapanda juu, juu kabisa, ukashuka. Pwaaa! Twiga akainama, wakakumbatiana.

Nyani akaenda kwa Fisi. "Fisi, nawe nakuonea wivu."

"Mimi?" Fisi akageuka nyuma kutazama kama kuna mwingine. "Una hakika, kaka?"

"Unacheka peke yako na hakuna anayekuuliza. Mimi nikicheka peke yangu, mama watoto anataka maelezo."

Fisi machozi yalimlengalenga. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwonea wivu. Akampiga polepole, pwa, kama anayepapasa mtoto.

Sasa Nyani akagundua jambo ambalo hakulitazamia. Kusema kulikuwa kutamu. Kila wivu alioutaja uliuita mwingine kutoka moyoni. Alimtajia Nyati pembe zake, pwa! Alimtajia Mbuni mayai yake, pwa! Alimtajia Nyuki asali yake, na hapo hakupigwa kwa mgomba. Alimtajia Konokono nyumba yake, "maana wewe hujawahi kubisha hodi kwa mtu." Konokono akajaribu kuinua gogo, likamshinda. Tembo akamsaidia.

PWAAAA!

"Mwanangu, yametosha," akasema Bi Nungunungu.

"Bado, bibi!" Jicho moja la Nyani lilikuwa limeshavimba.

Huko bondeni kukanguruma, guru-guru-guru.

"Mwanangu, mvua."

"Bado kidogo, bibi! Limebaki lile kubwa. Nililiweka la mwisho makusudi." Nyani akavuta pumzi, akanyoosha mgongo uliokuwa ukimuuma, akageuka. "Na wewe, Pimbi..."

Pimbi hakuwapo.

"Pimbi yuko wapi?"

Wote wakageuka huku, wakageuka kule. Mara, to! Tone likaanguka juu ya kijinga cha Bi Nungunungu. Tsss. Moto ukazimika. Kisha mvua ikamwagika, shaaaa! Vumbi likanuka, na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Akina mama walikuwa wamekwisha kufungua vinywa kuimba, lakini hawakuwa na jina la kutia.

"Jina!" wakapiga kelele. "Tumwimbe nani? Nani yumo kibandani?"

Mlangoni mwa kibanda kikatokea kipua kidogo, kikavu.

"Mimi, bibi," akasema Pimbi. "Nilikuwa nakagua manyasi kama yamekauka sawasawa, mtani wangu asipate taabu."

"Mvua imemkuta ndani, basi mwaka ni wake!" akina mama wakashangilia. "Pimbi ee, Pimbi, mwaka umepita kwako!"

"Ngojeni!" Nyani akalia. "Sijamaliza! Pimbi sijamwambia lake!"

Bi Nungunungu akamshika bega, taratibu asimchome. "Mvua imeanza, mwanangu. Hilo lako utakaa nalo."

Nyani akafungua kinywa. Neno lilikuwa kubwa, na ruhusa ya kulisema hakuwa nayo. Kikatoka kitu kimoja tu: "Bwahu!" Mpaka leo, ukipita chini ya majabali, utamsikia. Bwahu! Bwahu! Watu hudhani anagomba. Masikini, analo neno tu.

Jioni hiyo Pimbi alikuwa amelala pangoni mwake, pakavu, amezungukwa na watoto. Mkewe alikuwa akiwang'oa kumbikumbi mabawa.

"Na wewe lako ulimwambia nani mwaka huu?" mkewe akauliza.

"Mimi sikuwa na neno na mtu."

"Hm. Nyani alitaka wimbo. Ungemwachia wimbo wa mwaka mmoja, ukamwomba pango tubaki nalo. Angekubali hata kabla hujamaliza kusema."

Huko chini akina mama walikuwa bado wanaimba katika mvua. Pimbi akainua kichwa, akatega sikio moja, kisha la pili.

"Sauti zao," akasema, "naona ziko chini kidogo kuliko mwaka jana."

Basi, wasikilizaji wangu, fundisho la ngano hii ni rahisi, hata mtoto anaweza kulishika. Wivu ni kitu kibaya sana, hasa wa jirani. Wa kwako una sababu zake.

Ngano yangu imenyeshewa, naianika hapa. Kama ni nzuri, ni yangu. Kama ni mbaya, tafadhalini, msinitajie anayesimulia vizuri kuliko mimi.