Ovaroli ya Kijani

Lukresia na timu yake ya chuo walianza mchezo wa kupigana risasi za rangi kwa bunduki za mtumba na ovaroli kuukuu. Erasto, mtoto wa tajiri, akaja na sare mpya nyeupe, na mwamuzi wake mwenyewe.

"Atakayepata doa la kwanza, timu yake iuhame uwanja wa chuo. Fungasheni, mitumba nyie!" Erasto akatamba.

"Sawa, bosi. Ila mimi mgeni wa mchezo huu," Lukresia akasema. " Nionyeshe kwanza unavyolenga. Nipige mimi."

Erasto akammiminia rangi ya kijani toka shingoni hadi miguuni, akicheka.

"Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa. Tuanze."

Filimbi ikalia. Erasto akafyatua risasi ishirini za kijani kilekile. Lukresia akafyatua moja, ya bluu, katikati ya kifua cheupe.

"Nilishampiga kabla hajanipiga!" Erasto akafoka.

Mwamuzi akamzunguka Lukresia mara mbili.

"Doa lipi, bosi?"