Kabureta Iliyosafishwa Mara Tatu

Wapendwa, bwana mmoja alikuwa na pikipiki kuukuu, aliyompakia mke wake siku walipooana. Miaka mingi imelala bandani. Sasa binti yao anaolewa Jumamosi, kijiji cha pili, na mzee ameshaapa mbele ya wakwe: "Mama wa bibi harusi atafika juu ya pikipiki ileile!" Wakwe wakacheka hadi machozi. Hapo ni heshima ya mtu, jamani.

Jumatano akafungua kabureta, kile kidude kinachopokea mafuta kutoka tanki na kuyapeleka kwenye injini. Akaichemsha kwa maji ya ndimu, tena kwenye sufuria ya pilau! Mama alifoka, we! Bwana akazibua vitundu kwa waya mwembamba, akapuliza, akafunga, akapiga kiki. Ikanguruma! Mama akasahau sufuria, akapiga vigelegele. Haikufika hata getini, ikazima.

Alhamisi, kabureta tena. Ikanguruma, ikazima. Ijumaa asubuhi, hivyohivyo. Mzee akakaa chini, karibu alie.

Mama akamwuliza, "Baba Neema, huo uchafu unatoka wapi kila siku?"

"Kwenye kabureta, si unauona?"

"Hapo ndipo unapokutwa. Mimi nauliza unapotoka."

Mzee akainuka. Akafungua mfuniko wa tanki, akachungulia. Mama yangu! Kutu tupu! Wakamwaga mafuta yote, wakatia kokoto na mafuta ya taa, wakalishika tanki wawili na kulitikisa, huku na huku, mama akiimba, hata majirani wakadhani harusi imeanza. Wakalisuuza kwa petroli safi. Na Jumamosi waliingia harusini na pikipiki yao, kilemba cha mama kinapepea, na walioshangilia kuliko wote ni wale wakwe.

Haya, tuje kwetu sisi. Kila Jumapili tunasema, "Bwana, nisamehe ulimi wangu." Tunasafishwa, tunaimba, tunaruka. Jumatatu hatujafika hata sokoni, tumeshamtukana mtu! Ulimi umekosa nini, maskini? Si unaletewa tu? Moyoni kuna kinyongo cha miaka saba, na mfuniko hatutaki kuugusa. Unaogopa Mungu atachungulia? Ndugu yangu, alishachungulia zamani, na hakukimbia. Anakungoja mlitikise tanki hilo pamoja, kwa furaha!

Basi leo tusiombe tena habari za ulimi. Fumba macho. Mtaje yule mtu uliyemwekea kinyongo, kwa jina lake.