Bi Sukayna na Mtoto wa Mafuriko

Inasimuliwa kwamba katika mabonde ya Hadhramaut, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mjane mchamungu aliyeitwa Sukayna. Alifuga mbuzi, na hakuwa na mtu duniani ila binti mmoja, Lubana, aliyempenda kama mboni ya jicho lake.

Lakini Lubana hakutoka tumboni mwake. Mwaka ule mafuriko yalipoteremka bondeni na kuuzoa msafara uliopiga kambi humo, Sukayna alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Akamkuta mtoto huyu amenasa katika matawi ya mkunazi, yu hai kwa kudra ya Mola. Alimtia kifuani akamnyonyesha. Mumewe akafariki, mjane akahamia kijiji kingine, na huko watu walijua tu kuwa hawa ni mama na mwanawe. Siri ikabaki baina yake na Mola wake.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, mzee mmoja jina lake Dhakwan alibisha hodi akiomba maji. Lubana akamletea kata. Mzee akanywa, akashukuru, akaeleza kuwa kila mwaka hulijia bonde lile kuwaombea rehema binti yake na mjukuu wake mchanga, waliochukuliwa na mafuriko pamoja na msafara wao uliopiga kambi humo. Mkewe, Bi Atika, alikuwa amedhoofika kwa huzuni. Kisha mzee akainua mikono, akamwomba Mola asiwafishe yeye na mkewe hali uzao wao umekatika.

Sukayna akafahamu ni mtoto gani anayetajwa. Nafsi ikamnong'oneza: nyamaza, huyu hajui lolote, ataondoka nawe utabaki na mwanao. Akaingia ndani kama atafutaye tende, akasimama pale asiweze kuzishika kwa jinsi mikono ilivyomtetemeka. Akakumbuka kaburi dogo alilolichimba mwenyewe. Nje, fimbo ya mzee ikaanza kugonga mawe ya njia. Sukayna akatoka mbio.

"Baba yangu, rudi. Aliyekupa maji ni mjukuu wako."

Akamsimulia yote. Mzee akaketi mchangani akalia hata ndevu zikalowa, kisha akaomba ruhusa ampeleke mtoto kwa bibi yake, angalau amwone kabla ya mauti. Sukayna alijua hana haki ya kumzuia. Akamsuka Lubana nywele, akamfungia chakula cha njiani.

"Mama, nitarudi?" mtoto akauliza.

"Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wako, mwanangu," akajibu, kwani hakuthubutu kuahidi asilolijua.

Mwezi ukaandama, na mwingine ukaandama. Kila vumbi lilipotimka njiani Sukayna alisimama, na kila mara akawa ni mpita njia tu. Usingizi ukamhama. Alichelea kwamba mtoto atamsahau, na zaidi ya hapo alichelea kwamba yeye mwenyewe ataujutia ukweli alioutamka. Wasiwasi ulipomzidi, aliingia katika istighfari, akimwomba Mola msamaha.

Alasiri moja, Sukayna akiwa anakamua mbuzi, punda aliingia uani. Juu yake alikaa ajuza aliyefungwa kwa shuka asianguke, na ubavuni mwake walitembea Dhakwan na Lubana. Sukayna akasimama, asijue kama wamekuja kuaga.

Ajuza akateremshwa, akaushika uso wa mjane kwa viganja vyake.

"Mume wangu alinikataza safari hii kwa udhaifu wangu," akasema Bi Atika. "Nikamwambia, aliyemnyonyesha mjukuu wangu ni binti yangu, na sitakufa bila kumwona binti yangu. Je, mwanangu, una nafasi ya wazee wawili?"

Sukayna akaibusu mikono ile, akaenda kuwatandikia mkeka.

Ndugu zangu katika imani, ukweli huenda ukatudai kile tukipendacho kuliko vyote, wala usituambie kama tutarudishiwa. Mjane yule hakuambiwa. Alisema kweli hali anatetemeka, akasubiri hali anatetemeka, na Mola wake alikuwa akiuona mtetemeko ule. Mwenyezi Mungu atujaalie moyo wa namna hiyo, sisi na vizazi vyetu.