Kanga ya Siwema

"Saa hutii kidole, usingizi wa mtoto hautii." Mmemsikia shangazi yenu akiisema asubuhi, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na shamba la mkonge, kubwa hata reli yake ndogo ilipotelea machoni. Watu wote walifuata saa iliyotundikwa getini. Kiangazi kilipoingia, meneja aliamuru mshale usogezwe mbele kwa saa nzima, ili mkonge ukatwe kabla jua halijawa kali. Aliyepanda ngazi kuusukuma ni nyapara Mhando.

"Kuanzia kesho tunaamka kwa saa hii!" akatangaza.

"Na jogoo umeshamwambia?" wanawake wakamuuliza, wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Watoto wa shule walipanda toroli la reli lililowapeleka wakataji shambani, likawashusha njiani. Sasa ikabidi waamshwe gizani. Akina mama wakaziba madirisha kwa magunia jioni, wakatengeneza usiku wa uongo. Watoto wakajilaza humo wakitokwa jasho, macho makavu, wakisikia ndege bado wanalia nje. Haikuchukua muda, wakawa wanakunywa uji huku wamefumba macho.

Siwema alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kusaga mkonge. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mkunde, wa darasa la kwanza. Asubuhi moja alimketisha kwenye toroli, akamfunga kwa kanga kwenye nguzo yake, ili akisinzia asianguke.

Mhando akamwona. "Mama Mkunde! Msichana mkubwa huyo, unamfunga kama tita la mkonge?"

"Ana usingizi, nyapara. Jana hakulala mpaka giza lilipoingia lenyewe."

"Mlaze mapema."

"Na jua linawaka? Mimi si meneja wa jua."

Watu wakaangua kicheko. Mhando hakucheka. "Fungua. Toroli haliondoki na mtoto aliyefungwa. Mkichelewa, nawarudisha wote nyumbani."

Kicheko kikakatika. "Fungua bwana, Siwema," wakataji wakanung'unika. "Tukose kazi kwa ajili ya kanga?"

Siwema akafungua fundo. Toroli likaondoka.

Kwenye kona ya mtoni toroli liliyumba. Mkunde alikuwa amelala. Alianguka bila hata kupiga ukelele.

Walimrudisha amefunikwa gunia. Mama yake akalitupa gunia, akamfunika kwa kanga ile.

Jioni Mhando alibeba ngazi bila kuagizwa na mtu, akapanda, akaurudisha mshale nyuma. Aliposhuka alimkuta Siwema amesimama chini.

"Umeirudisha saa?"

"Nimeirudisha, dada yangu."

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Saa imekitii kidole chako," Siwema akasema. "Nenda basi kamwamshe mwanangu."

Mhando aliinamisha kichwa.

Msidhani meneja alijifunza. Kesho yake mshale ulisukumwa mbele tena, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Lakini tangu hapo kila toroli liliondoka na watoto waliofungwa kwa kanga za mama zao, wamelala, vichwa vikining'inia. Nyapara yeyote aliyenyoosha mkono kugusa fundo alijibiwa na toroli zima, wanaume kwa wanawake, na mkono ukarudi ulikotoka:

"Saa hutii kidole, usingizi wa mtoto hautii."