Honi ya Kuingia Bukoba

Hapo zamani, si zamani za kale bali za hawa bibi zetu walio hai, palikuwa na meli ndogo iliyowazungusha wageni Ziwa Nyanza, bandari kongwe hadi bandari kongwe. Ikapita Kisumu, ikapita Jinja, ikapita Entebbe. Watu wakala samaki, wakapiga soga, wakaridhika. Meli ile ilikuwa na desturi: honi ya kuingia bandari ya mwisho hupigwa na mtu mmoja tu, yule aliyeifaa safari kuliko wote.

Bibi Kokushubira alipanda kwa ajili ya honi hiyo. Marehemu baba yake alikuwa baharia. Kila alipoikaribia Bukoba alipiga honi, na mama akiisikia anainjika chungu cha ndizi. Sasa bibi ana miaka sabini na minane, macho hayaoni vizuri, na dada yake Mukabalisa anamngoja gatini. Alitamani sana dada aisikie tena honi ile, ipigwe na mkono wa nyumbani.

Asubuhi ya mwisho ukatanda ukungu. Kapteni Odera akafuata dira. Kumbe kule Kisumu alijipatia ukumbusho, kipande cha reli ya zamani, akakiweka kando ya dira hiyo hiyo! Chuma kikavuta sindano, meli ikaelekea ziwa tupu.

Bibi akainua uso. "Kapteni, nasikia harufu ya kahawa inachemshwa. Kwetu ni mkono wa kulia."

Abiria wakacheka. Mzee Wanyancha, mshika usukani, hakucheka. Kapteni alimwamuru afuate dira, yeye akakata kulia.

Mara Mwalimu Nabwire, abiria aliyesimama mbele kabisa, akapaza sauti: "Mwamba huo, mzee. Pinda."

Akapinda. Wakaponea chupuchupu. Ukungu ukafunguka, na Bukoba hiyo hapo.

Kapteni, uso umemshuka kwa aibu, akashika kamba ya honi. "Haya, semeni, nani anaistahili?"

"Bila pua yangu mngekuwa mnazurura bado," akasema bibi. "Na dada yangu yuko pale."

"Pua haigeuzi meli, bibi," akasema Wanyancha. "Mimi nilivunja amri. Miaka thelathini naingiza meli gatini, honi wanapiga wengine. Kesho nastaafu."

Nabwire akasema, "Mlinusa, mkageuza, mkatupeleka mwambani. Sina dada gatini, wala sistaafu. Sasa honi ni ya aliyeokoa roho za watu, au ya anayehurumiwa?"

Maneno hayo yalimuuma bibi, kwa sababu yalikuwa ya haki.

Gati likasogea. Mwanamke mmoja mzee alikuwa amesimama ukingoni, ametega sikio. Kapteni akageuka huku na huku, kamba mkononi.

Msinitazame mimi, wenzangu, yangu ni kusimulia tu. Meli inafika, amueni upesi: kamba ile apewe nani?