Konde Lisilopaliliwa Baharini

Leo sitawachosha. Naona wengine mmeshaegemea nguzo za msikiti, na mimi mwenyewe nimekula ubwabwa mchana. Nina mfano mmoja tu. Usikilizeni, kisha kila mtu aende na fungu lake.

Palikuwa na mwanamke mmoja mkulima wa mwani. Kijiji chao kilikuwa kando ya bahari isiyo na kina. Maji yakipwa, unatembea kwenda mbele mpaka unachoka, na bado maji yako magotini. Mbali huko ndiko chini kunakokatika ghafla, maji yakawa na rangi nzito, na huko hakuna aliyelima kitu kwa sababu jua halifiki chini. Uhai wote wa kijiji ulikuwa kwenye yale maji mafupi. Wanawake walifunga mwani wao kwenye kamba, na wanaume walitega madema, ile mitego ya kusuka ambayo samaki akiingia hajui tena mlango uko wapi.

Sasa, watu wale kabla ya mwani walikuwa wakulima wa muhogo, na mkulima wa muhogo mnamjua. Shamba likiota majani anaona aibu kama mtu aliyekutwa uani hajavaa. Basi walipoingia baharini waliingia na tabia zao zote. Chini ya maji yale paliota majani membamba marefu ya kijani, yamesongamana kama nywele za mtoto asiyesukwa. Wakayaona, wakasema ni magugu, wakayang'oa. Kila bamvua, maji yalipokupwa sana, kikundi kizima cha wanawake kilishuka pwani kupalilia bahari. Ndiyo, kupalilia bahari. Nasikia mnacheka huko nyuma ya pazia. Chekeni, lakini ngojeni kwanza.

Yule mwanamke hakupalilia. Siku ya kwanza alipoingia kuchomeka vijiti vyake, vitoto vya samaki vilitawanyika miguuni pake, vidogo kama punje za mchele, vikazunguka, kisha vikarudi kujificha ndani ya majani. Akasimama akavitazama. Akajisemea, hawa wana kwao, mimi ndiye niliyewakuta. Basi. Hakuota ndoto wala hakusikia sauti kutoka mawinguni. Aliona kitu, na akakataa kujifanya hajakiona. Akafunga kamba zake juu ya majani yaleyale.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa jirani yake, mwanamke mchapakazi, na wala hakuwa mtu mbaya. Akamfuata.

"Dada yangu, konde lako linatutia aibu. Watu wakishuka pwani wanaona pori."

"Hilo pori lina wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Samaki."

"Hao samaki ndio wanaoutafuna mwani wako. Wakimaliza wako watakuja kwetu."

Na hapo, ndugu zangu, mwenyekiti alisema kweli. Sitaki kuwadanganya. Kuna samaki anaitwa tasi, anapenda mwani kama mtoto anavyopenda kashata, na tasi waliutafuna mwani wa yule mama mpaka kwenye kamba. Ulipofika msimu, wenzake walibeba magunia yaliyofura, yeye akarudi kutoka pwani na kapu lisilojaa. Binti yake alitaka sare mpya ya shule, akaambiwa avumilie ya zamani. Siku hiyo mama alikaa uani akalia, akamuuliza Mola wake kama hili nalo ni jambo la mtu kuteseka kwa ajili yake.

Najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie kwamba ilikuja dhoruba, ikabeba mashamba ya wenzake, likabaki lake. Mifano ya masheikh mmeshaizoea. Haikuja dhoruba yoyote. Wenzake walinenepa na yeye akakonda, na maji yalipokupwa alirudi palepale, akafunga mbegu zilizobaki, na majani hakuyagusa. Walimwita mvivu, wakamwita kichwa kigumu. La mvivu lilimuuma. Hilo la pili alilipokea, kwa sababu lilikuwa lake.

Hatimaye kikundi kikakata shauri. Kama mwenyewe hataki kupalilia, tutampalilia sisi. Na walikwenda kwa nia njema kabisa, wamebeba vijembe vyao, wengine wakiimba. Mtu anapokuja kukuharibia huku anaimba, utamfanya nini?

Walimkuta amekaa. Amekaa chini katikati ya konde lake, maji yamemfika kifuani, amekunja miguu kama aliye kwenye mkeka nyumbani kwake.

"Inuka, dada," mwenyekiti akamwambia.

"Siinuki."

"Tumekuja kukusaidia."

"Basi nisaidieni kwa kuniacha."

"Kikundi kizima kimekubaliana. Wewe ni nani hata upinge?"

"Mimi ni mmoja. Nilijihesabu kabla sijaja."

Mwenyekiti akaona watu wanataka kucheka, akapandisha sauti. "Na huo ukaidi umekupa nini? Tuonyeshe faida yake hata ya kutia kwenye kiganja."

Lilikuwa swali la haki, na mama yule alikuwa ameshajiuliza mara nyingi. "Mimi haujanipa kitu," akasema. "Wewe jana ulipika nini?"

"Nilipika tasi wa nazi. Ya nini kuniuliza?"

"Mumeo alimtoa wapi?"

Mwenyekiti akageuka amwonyeshe, na hapo ndipo alipotazama. Walikuwa wamezoea kuja pale wameinamia kamba zao, kila mtu na konde lake. Sasa walitazama kote. Chini ya makonde yaliyopaliliwa palikuwa na mchanga mweupe, safi, hata kaa hakupita. Na kuzunguka lile pori, pande zake zote nne, yametegwa madema, yamebanana kama viatu mlangoni mwa msikiti huu. Dema husukwa kwa mkono, na mke analijua la mumewe kama anavyoijua kanzu yake. Kila mwanamke aliliona la nyumbani kwake.

Hakuna aliyeimba tena. Waliondoka mmoja mmoja na vijembe vyao, na hakuna aliyeomba radhi. Jioni ile walipika samaki kama kawaida.

Sasa ndugu zangu, mnadhani mfano huu nimewapigia wale wanawake? Wale walikosea kwa kutokujua, na walipojua waliondoka. Mimi nawauliza nyinyi mliokaa mbele yangu hapa na kofia zenu zilizotarizwa. Wale waume walikuwa wapi? Kila alfajiri walitega pembeni mwa konde lake. Kila jioni walikaa kwenye sinia, wake zao wakimsengenya yule mama, mvivu yule, mchafu yule, na wao wanatoa miba, wanalamba vidole, kimya. Walikuwa wanajua. Hata mmoja hakusema, "Mke wangu, nyamaza, unachokila kimetoka kwake."

Ndio sisi hao. Kuna mtu hapa kijijini alikataa kutoa ushahidi wa uongo, akatengwa, na haki yako wewe ikasalimika. Kuna mwanamke alikataa kuuza kiwanja cha madrasa, mkamwita mbishi, na leo watoto wenu wanasomea pale. Tunakula kwao na tunanyamaza wakitukanwa, kisha tunakuja hapa kuomba dua ya riziki. Riziki gani tena, nanyi mnayatafuna majina ya walioileta?

Majani yale yako hata kwenye maji yetu hapa chini. Kesho mkishuka, msiyaguse. Na leo, kabla hamjalala, kila mmoja akaseme kwake, mbele ya chakula, jina la mtu anayemlisha kwa siri.

Na wewe, maana najua umo humu, wewe ambaye umekaa peke yako na maji yamekufika kifuani, na wote wanakwambia inuka, na hujapata hata cha kutia kwenye kiganja. Sina ahadi ya kukupa. Huenda msimu ujao nao ukakonda. Usiinuke.