Zimwi Lililojitolea Kupalilia

Sogeeni, jamani, kesho hakuna anayewahi kazini.

Zimwi la ardhini lilitafuna mizizi ya michungwa ya Mwantumu, ukabaki mmoja, uliozungukwa na bangi mwitu, gugu linalonuka. Ukifa huo, liliapa, litamla mwana wa Mwantumu; mwana akajificha uvunguni mwa kitanda. Likaja na jembe, limevaa sura ya mtu.

“Sista, shamba chafu! Nikupalilie free?”

Free, nchi hii!

Likalima upande mmoja; majani ya mchungwa yakawa manjano. Likalima wa pili, yakapukutika. Likainua jembe mara ya tatu.

“Subiri, kaka. Mbona umebana pua?”

“Mafua tu.”

“Basi mche huu wa mwisho wa bangi mwitu ung'oe kwa mkono.”

Likarudi nyuma. Mwantumu akakung'uta mbegu za mche ule kuuzunguka mti. Zikaota papo hapo. Zimwi likapiga mbizi kuirudia mizizi, likakutana na harufu. Ardhi ikanguruma, na zimwi halikuonekana tena. Mwana akatoka uvunguni.

Ngano yangu inang'oka hapa; mwenye yake apande.